Imeji ya seva: anza na siku ya kurudisha

Waulize mafundi wa seva, "Nipeni programu nzuri ya kuchukua bekapu ya seva nzima," uone majibu yatakavyomwagika. Wa kwanza atasema Clonezilla. Wa pili atasema Veeam. Wa tatu, kwa kujiamini kabisa, atasema amri ya dd inatosha na mengine yote ni mbwembwe. Wa nne atashangaa watu wanahangaikia nini ilhali seva yenyewe ina RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Muulizaji huondoka na majina manne, asijue kwamba watatu kati ya hao walikuwa wanajibu maswali matatu tofauti, na wa nne hakujibu swali lolote.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Bekapu, au nakala rudufu, ni nakala ya pili ya data, iliyokaa mahali ambapo balaa la kwanza haliifikii. Bekapu ya faili ni pale unapochagua folda unazozijali na kuzinakili. Imeji ni jambo jingine: unanakili diski yote, yaani mgawanyo wa partisheni (vyumba ambamo diski imegawanywa), kile kipande kidogo kinachoiamsha mashine inapowashwa, mfumo endeshi, programu, mipangilio na data, vyote vikafungwa ndani ya faili moja au rundo la faili. Ukiirudisha imeji hiyo kwenye diski nyingine, mashine inatakiwa iwake kama ilivyokuwa.

Kuna pia kloni, na hapa wengi huchanganya. Kloni ni diski moja kumwagwa moja kwa moja juu ya nyingine. Ni ya haraka, lakini ni moja tu, na ukikloni tena kesho, ya leo imefutika. Imeji unaweza kuweka kumi, kila moja na tarehe yake. Tofauti hiyo huonekana siku unapogundua kwamba uharibifu ulianza wiki iliyopita na kloni yako ya jana imeunakili kwa uaminifu mkubwa.

Kwa nini usinakili faili tu? Kwa sababu kwenye seva, data mara nyingi ndiyo sehemu rahisi. Kilicho kigumu ni yale mambo ambayo mtu fulani aliyarekebisha miaka miwili iliyopita saa nane za usiku, yakafanya kazi, na hakuna aliyeyaandika popote. Imeji huyabeba hata yale uliyoyasahau.

Namna diski inavyonakiliwa

Ifikirie diski kama daftari nene lenye kurasa milioni nyingi. Njia ya kwanza ya kulinakili ni kutoa fotokopi ya kila ukurasa, ulioandikwa na mtupu, kuanzia jalada hadi jalada. Ndivyo inavyofanya dd, amri iliyomo ndani ya Unix tangu miaka ya 1970. Haijui faili ni nini, haijali mfumo wa faili, inabeba kila baiti. Uzuri wake ni huo. Ubaya wake ni huo huo: diski ya TB 2 yenye data ya GB 80 itakupa faili la TB 2. Ukilibana litapungua, ila si sana kama unavyotarajia, kwa sababu faili ulizozifuta bado zimebaki kama wino uliofifia kwenye kurasa zinazoitwa tupu, na dd inauchukua wino huo pia. Na kuna hatari nyingine ambayo kila anayeitumia ameshaionja au ataionja: ukibadilisha nafasi ya if (diski ya kusoma) na of (diski ya kuandikia), unaimwaga diski tupu juu ya seva yako. Haitakuuliza mara mbili.

Njia ya pili ni kusoma kwanza fahirisi ya daftari, kujua kurasa zipi zimeandikwa, kisha kunakili hizo peke yake. Partclone hufanya hivyo, na Clonezilla imejengwa juu ya Partclone. Inaielewa mifumo ya faili inayotumika sana, kama ext4, XFS, Btrfs na NTFS. Ikikutana na mfumo isioujua, inarudi kwenye fotokopi ya kila ukurasa.

Diski iliyosimbwa, kwa mfano kwa LUKS (mfumo wa kusimba diski kwenye Linux), ni kisa cha peke yake. Ukiinakili ikiwa imefungwa, kutoka nje yote ni vurugu ya herufi zisizosomeka. Programu haiwezi kujua kurasa tupu ni zipi, wala vurugu hiyo haibaniki. Imeji itakuwa kubwa kama diski yenyewe. Ukiifungua kwanza ndipo uinakili, itapungua, lakini sasa umetoa siri zako nje ya sanduku, na ni juu yako kuisimba imeji hiyo upya.

Njia ya tatu inahusu bekapu ya pili na kuendelea. Ukishakuwa na imeji kamili ya Jumapili, Jumatatu huna haja ya kunakili tena kurasa ambazo hazikuguswa; unachukua zilizobadilika tu. Veeam Agent na UrBackup hufanya hivyo, Clonezilla haifanyi. Faida ni muda na nafasi. Gharama yake ni mnyororo: ili kupata hali ya Alhamisi unahitaji Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na pete moja ikikatika zinazofuata hazina pa kushika. Ndiyo maana haipendezi kuacha mnyororo urefuke miezi sita bila imeji nyingine kamili.

Daftari ambalo bado linaandikwa

Hapa ndipo ubishi mwingi unapotokea, na ndipo pia watu wengi huumia bila kujua.

Tuseme karani anahamisha fedha ndani ya daftari. Anapunguza 500 ukurasa wa 3 na kuongeza 500 ukurasa wa 90. Wewe unatoa fotokopi huku yeye akiandika. Umenakili ukurasa wa 3 kabla hajapunguza. Ulipofika ukurasa wa 90, alikuwa ameshaongeza. Nakala yako ina fedha hizo mara mbili. Kila ukurasa unasomeka vizuri, hakuna kosa lililoonyeshwa, na daftari zima ni uongo. Ukiendesha dd juu ya diski ya seva iliyo kazini, unafanya jambo hilo hilo kwa mamilioni ya kurasa na kwa saa kadhaa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kumwambia karani aweke kalamu chini. Clonezilla hutumika hivyo: unaizima seva, unaiwasha kwa flashi, unanakili diski iliyolala, unaiwasha tena. Ni njia safi kuliko zote, na kwa seva ambayo inaweza kupumzika saa moja usiku, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Ya pili ni snapshoti. Karani anaendelea kuandika, lakini kuanzia sekunde fulani anapewa sharti: kabla ya kubadilisha ukurasa wowote, anakili kwanza ukurasa wa zamani na kuuweka pembeni. Anayetoa fotokopi akifika kwenye ukurasa uliobadilika, anachukua ule wa pembeni. Hivyo anapata daftari zima kama lilivyokuwa sekunde ile, hata kama kazi ya kunakili itachukua saa tatu. Kwenye Windows kazi hii hufanywa na huduma ya VSS, iliyokuja na Windows XP na Windows Server 2003. Kwenye Linux hufanywa na LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski), au na Btrfs na ZFS, ambazo huuacha ukurasa wa zamani ulipo na kuandika mpya mahali pengine, na Veeam Agent huja na moduli yake ya kerneli, yaani kipande kinachoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi.

Snapshoti ya LVM ya kawaida ina mtego wake. Unapoitengeneza unaitengea nafasi ya kuweka kurasa za zamani. Seva ikiwa na shughuli nyingi na nafasi hiyo ikajaa kabla hujamaliza kunakili, snapshoti inabatilika yote. Kwa hiyo ukubwa wa nafasi hiyo usikadirie kwa ukubwa wa diski. Kadiria kwa wingi wa maandishi mapya katika saa za bekapu.

Na hata snapshoti nzuri haikupi zaidi ya hali ya seva kana kwamba umeme ulikatika sekunde ile. Je, inatosha? Kwa hifadhidata kama PostgreSQL, au MySQL yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data), kwa kawaida ndiyo, kwa sababu zina kumbukumbu ya miamala inayozisaidia kujirekebisha baada ya umeme kukatika. Ila kuna sharti ambalo husahauliwa: data na kumbukumbu hiyo lazima viwe vimepigwa picha sekunde moja. Ukiwa umeviweka kwenye diski mbili na ukachukua snapshoti moja saa 6:00 na nyingine saa 6:02, umerudi kwa karani wa ukurasa wa 3 na wa 90.

VSS inakwenda mbele kidogo, kwani kabla ya kupiga picha inaziomba programu zilizojiandikisha kwake, kama SQL Server, zimalize sentensi zilizo mkononi na kutulia. Linux haina mratibu mmoja wa namna hiyo. Unaandika mwenyewe hati fupi ya kuituliza hifadhidata kabla, na nyingine ya kuiachia baada. Kwa maoni yangu, hata ukiwa na imeji maridadi, toa pia nakala ya hifadhidata kila usiku kwa pg_dump au mysqldump. Imeji ni ya kuifufua mashine. Siku mtu atakapofuta jedwali moja kwa bahati mbaya, hutataka kurudisha seva nzima kwa ajili yake.

Siku ya kurudisha

Watu huchagua programu kwa jinsi inavyonakili. Mimi nadhani wangechagua kwa jinsi inavyorudisha, kwa sababu kunakili hufanyika usiku ukiwa umelala, na kurudisha hufanyika bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti chako.

Wakati fulani diski ya seva niliyokuwa naiangalia ilikufa. Imeji ilikuwepo, mpya kabisa, na diski ya kubadilishia ilikuwepo, imeandikwa TB 1 kama ile ya zamani. Programu ikakataa. Diski mpya ilikuwa pungufu kwa sekta chache, kiasi kisichofika hata megabaiti mia. Nusu siku ilipita tunatafuta diski kubwa zaidi huku zaidi ya asilimia 80 ya imeji ikiwa nafasi tupu. Clonezilla nayo, kwa mipangilio yake ya kawaida, hutaka diski ya kurudishia iwe sawa au kubwa kuliko ya mwanzo. Tangu siku hiyo, ninapogawa partisheni za seva mpya naacha gigabaiti chache tupu mwishoni mwa diski.

Ukubwa ni kikwazo kimoja tu. Imeji iliyochukuliwa kwenye diski yenye sekta za baiti 512 haitawaka ikimwagwa kwenye diski inayojitambulisha kwa sekta za baiti 4096. Seva iliyozoea kuwaka kwa UEFI, ile programu ya kisasa ya kuiamsha mashine, haitaamka kwenye mashine iliyopangwa kwa BIOS ya zamani. Flashi ya uokoaji isiyo na draiva ya kidhibiti chako cha RAID haitaiona diski hata moja, na hapo hata imeji kumi hazitakusaidia. Windows iliyohamishiwa kwenye kidhibiti kigeni huishia skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Linux huenda ikahitaji faili yake ya kuwakia, initramfs, ijengwe upya. Programu za kulipia hujisifia sana uwezo wa kurudisha kwenye mashine tofauti, na katika hili sifa zao nyingi ni za haki.

Kwa seva za Linux kuna ReaR, yaani Relax-and-Recover, ambayo haitoi fotokopi kabisa. Yenyewe huchora ramani ya nyumba: partisheni, LVM, RAID, mifumo ya faili. Inatengeneza diski ya kuwakia yenye ramani hiyo, na samani, yaani faili, inazifunga kwa tar au kuiachia programu nyingine ya bekapu. Siku ya kurudisha inajenga nyumba upya kisha inapanga vitu ndani. Mbishi atasema hiyo si imeji, na atakuwa sahihi. Lakini kwa kuwa inajenga badala ya kumwaga, diski mpya yenye ukubwa tofauti haiisumbui sana, na mara nyingi hicho ndicho muulizaji alichokuwa anakitafuta alipoomba "imeji".

Kisha muda. Mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, kwa hali halisi, hupitisha kama MB 110 kwa sekunde. Data ya TB 4 itahitaji takriban saa 10 kupita hapo, na hiyo ni kabla hujahesabu kufungua mbano na kusubiri diski zilizochoka. Kama shughuli zako haziwezi kusimama saa 10, programu yoyote utakayochagua haitabadilisha hesabu hiyo. Utahitaji diski ya karibu, mtandao wa kasi zaidi, au seva ya pili iliyo tayari.

Basi ipi?

Seva moja au mbili zinazoweza kuzimwa: Clonezilla, au Rescuezilla kwa asiyependa skrini za maandishi matupu. Windows Server isiyozimwa: jaribu kwanza Windows Server Backup iliyomo humo humo. Inatumia VSS na inaweza kurudisha mashine nzima. Jihadhari tu, ukiielekeza kwenye folda ya mtandao, kila bekapu mpya hufuta iliyotangulia. Linux isiyozimwa: ReaR, au Veeam Agent, ila kwa hii ya pili hakikisha moduli yake inakubaliana na kerneli yako kabla ya kuisasisha kerneli, si baada. Ukiwa na mashine nyingi na ungependa seva moja izikusanyie zote, angalia UrBackup, ambayo kwa upande wa imeji ina nguvu zaidi kwenye Windows.

Kama seva zako ni mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya mashine nyingine, sahau karibu yote hayo. Diski ya mashine pepe tayari ni faili au kipande cha hifadhi mikononi mwa mfumo unaoiendesha, na bekapu ichukuliwe kutoka huko nje, kwa kitu kama Proxmox Backup Server. Na kama seva ni ya kukodi kwenye wingu, huna pa kuchomeka flashi. Utatumia snapshoti za mwenye nyumba na kunakili data yako kwenda kwingine.

Diski ikiwa imeanza kutoa sauti za ajabu au makosa ya kusoma, usitumie yoyote kati ya hizo. Tumia ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima, inaruka zilizooza, kisha inazirudia polepole huku ikiweka kumbukumbu ya ilipofika.

Jambo moja huwa haliulizwi: je, imeji hii itafunguka miaka mitano ijayo? Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure lililopendwa sana, na kampuni ilitangaza kwamba mwisho wake ni 1 Januari 2024. Imeji za zamani hazikutoweka, lakini wengi walianza kuitafuta ile diski ya uokoaji waliyoitengeneza zamani. Hifadhi programu ya kufungulia pamoja na imeji zenyewe.

Sasa turudi kwa yule bwana wa RAID. RAID huikinga seva na kifo cha diski moja, au mbili kutegemea aina. Ukifuta folda, RAID huifuta kwenye diski zote kwa wakati mmoja, kwa utiifu wa hali ya juu. Snapshoti iliyoachwa kwenye diski ile ile haina tofauti kubwa, kwa kuwa diski ikifa vyote vinakufa. Diski ya bekapu iliyochomekwa kwenye seva saa zote nayo husubiri tu zile programu za kudai kikombozi, ambazo zikiingia hufunga kila kinachoandikika. Afadhali seva ya bekapu ije kuchukua data yenyewe, na seva inayochukuliwa isiwe na ruhusa ya kufuta kilichokwisha kuchukuliwa.

Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inasema uwe na nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe nje ya jengo. Hiyo ya mwisho huonekana kama anasa hadi usikie ya Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, pale SBG2, jengo la seva la kampuni ya OVHcloud inayokodisha seva, lilipoteketea kwa moto. Miongoni mwa waliopoteza data walikuwamo waliokuwa na bekapu, ila nazo zilikuwa pale pale.

Kisha kuna kujaribu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni yenye jukwaa la kuhifadhia msimbo wa programu, alifuta kwa makosa data ya hifadhidata kuu. Walipokwenda kuchukua bekapu za pg_dump, hazikuwepo: amri iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM iliyochukuliwa kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi za saa hizo sita zilipotea, na kurudisha kulichukua takriban saa 18 kwa sababu diski ilikokaa nakala hiyo zilikuwa za polepole.

Kwa hiyo chukua mashine ya zamani, au mashine pepe, na uirudishie imeji ya wiki hii. Ikate kwanza kutoka kwenye mtandao. Ukiiwasha ikiwa imeunganishwa, utakuwa na seva mbili zenye anwani moja zikigombana, na kazi zote zilizopangwa zitaanza kujiendesha mara mbili, zikiwemo zile za kuwatumia wateja barua pepe. Usiichomeke diski iliyorudishwa kwenye seva ile ile pamoja na ya asili pia, maana zina UUID (namba za utambulisho) zinazofanana, na XFS kwa mfano itakataa kuzifungua zote mbili. Ikishawaka, ingia, fungua hifadhidata, tazama rekodi ya mwisho ni ya saa ngapi. Andika kwenye karatasi ulianza lini, umemaliza lini, ulikwama wapi, na nywila ya kufungulia imeji iko kwa nani. Karatasi hiyo isikae kwenye folda ndani ya seva hiyo hiyo.